Dhahabu na Maana ya Neno "Kichocheo"

Miongoni mwa istilahi za sayansi, neno kichocheo huonekana jepesi, na kwa hiyo halichunguzwi sana. Asili yake ni kuchochea, yaani kusukuma kuni motoni ili moto uwake kwa nguvu. Basi hufasiriwa kuwa ni kitu kiongezacho kasi ya mmenyuko wa kikemia. Nia ya makala haya ni kuonyesha, kwa mfano wa dhahabu, kwamba fasiri hiyo ni pungufu.

Berzelius, mwanakemia wa Sweden, alipolipa jambo hili jina mwaka 1835, alichukua neno la Kiyunani lenye maana ya kufungua au kulegeza. Picha yake ni ya fundo linalofunguliwa. Yetu ni ya moto unaokolezwa. Hitilafu hiyo si ndogo.

Tuangalie uongezaji wa hidrojeni, ambao hugeuza mafuta ya maji kuwa mafuta magumu. Kichocheo chake mashuhuri ni nikeli, na kwa uchunguzi wa namna hiyo Sabatier wa Ufaransa alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Dhahabu haikutazamiwa kufaa, kwani pande lake haliwezi kuipasua molekuli ya hidrojeni. Lakini mwaka 1973 Bond na wenzake walionyesha kwamba chembe ndogo za dhahabu, zikitandazwa juu ya kitu kingine, huongeza hidrojeni katika hidrokaboni zisizoshiba. Mwaka 1987 Haruta wa Japani alionyesha kwamba chembe za nanomita chache tu, zikibebwa na oksidi, huiunguza monoksidi ya kaboni hata chini ya nyuzi 0. Siri yake ni udogo: chembe ikipungua, huzidi sehemu ya atomi zilizo pembeni, zenye majirani wachache, ambazo ni nyepesi kushikana na vitu vingine.

Hata hivyo, katika kuongeza hidrojeni, dhahabu kwa kawaida ni nzito kuliko platini au paladi. Thamani yake ni uteuzi. Mwaka 2006 Corma na Serna, wa Hispania, walitumia molekuli zenye kundi la nitro pamoja na kifungo maradufu cha kaboni. Dhahabu iliyobebwa na oksidi ya titani ililigeuza kundi la nitro kuwa amini, na kile kifungo ikakiacha salama. Je, huku ni kuchochea tu? Mwenye kuchochea moto hachagui kuni ipi iungue.

Wala jambo hili si la maneno matupu. Mwaka 1985 Hutchings alibashiri kwamba dhahabu ingefaa kuliko metali nyingine kuunganisha asetilini na kloridi ya hidrojeni, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kloridi ya zebaki, ambayo ni sumu. Majaribio yalimthibitisha, na baadaye viwanda vya China vikaanza kuitumia.

Sipendekezi tuliache neno kichocheo, maana limekwisha kuzoeleka. Napendekeza fasiri yake iwe hivi: kitu kiharakishacho mmenyuko kwa kuufungulia njia nyepesi, pasipo chenyewe kuliwa, nacho chaweza kuifungua njia moja na kuiacha nyingine. Mwanafunzi akifundishwa kasi peke yake, hataelewa kwa nini dhahabu, iliyo nzito wa kazi, hupendelewa mahali ambapo metali nyepesi zaidi zingeharibu.