Njiwa wa waridi wa Mauritius: aliyenusurika nyuma ya dodo

Atajwapo ndege wa Mauritius, wengi humkumbuka dodo, ndege mkubwa asiyeweza kuruka aliyetoweka katika karne ya 17. Ni wachache wanaofahamu kwamba dodo, ambaye jina lake kwetu ni la embe, alikuwa wa jamii ya njiwa, na kwamba jamaa yake mmoja nusura amfuate.

Huyo ni njiwa wa waridi, mwenye kifua cha rangi ya waridi iliyofifia na mkia mwekundu kama kutu. Porini haishi kwingineko duniani. Mwaka 1990 walikuwa wamesalia takriban 10 tu.

Walifikaje hapo? Misitu ilifyekwa kwa ajili ya mbao, miwa na chai, hata msitu wa asili ulio katika hali nzuri ukabaki chini ya asilimia 2 ya kisiwa. Na huo uliobaki umevamiwa na mipera midogo kutoka Brazil, ambayo huota kwa kusongamana kiasi cha kuinyima miche ya asili mwanga na nafasi. Zaidi ya hayo, kabla ya mabaharia kufika, mnyama pekee wa kunyonyesha kisiwani alikuwa popo. Wakaja panya, paka, kima na nguchiro. Njiwa huyu hujenga tago dhaifu la vijiti, na kwa kima au panya mayai hayo ni chakula cha bure.

Uokoaji ulianza miaka ya 1970, pale Gerald Durrell, mwanzilishi wa bustani ya wanyama ya Jersey, alipowachukua njiwa wachache ili wazaliane wakiwa wamefugwa. Mtaalamu wa ndege Carl Jones, aliyewasili Mauritius mwaka 1979, aliiendeleza kazi hiyo. Mayai mengine waliatamishwa njiwa wa kufugwa, nao wakalea makinda kama wao. Kuanzia mwaka 1987 ndege walirudishwa msituni. Baadhi walipelekwa Ile aux Aigrettes, kisiwa kidogo cha hekta 26 kilichokwisha kuondolewa panya na paka.

Kuwaachia peke yake hakukutosha. Hadi leo hupewa nafaka za ziada, kwani msitu ulioharibika hauna matunda na maua ya kutosha mwaka mzima. Makinda nayo hufa kwa maradhi ya koo yanayoenezwa na njiwa wa kigeni. Hata hivyo idadi ilipanda hadi kupita 400, na mwaka 2018 ndege huyu alishushwa daraja katika orodha ya hatari ya kimataifa.

Kwa wasomaji wa Pwani habari hii si ya mbali. Pemba ina ninga wake asiyepatikana kwingine, na miongoni mwa makazi yake ni msitu wa Ngezi.

Lakini hesabu ya ndege haielezi yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba njiwa wa waridi wamepoteza sehemu kubwa ya tofauti zao za kurithi, kwa kuwa wote wametokana na wazazi wachache. Watafiti walionya kuwa bila msaada huenda wakatoweka katika miaka 50 hadi 100 ijayo. Msaada wanaoutarajia uko katika bustani za wanyama za Ulaya, kwa vizazi vya ndege waliochukuliwa zamani, ambao baadhi yao bado wana urithi uliokwisha kupotea kisiwani.