Huyo Mtoto Alipewa Nini Mkononi?

"Utafiti umeonyesha." Ukitaka mzazi afungue pochi, anza na maneno hayo. Muuzaji wa vitabu vya kufuatisha herufi huanza nayo, mwezeshaji wa semina ya malezi huanza nayo, na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi haipiti wiki bila mtu kuyatuma. Ni nadra kusikia ulikuwa utafiti upi, wa nani, wala juu ya watoto gani.

Mimi nilifundisha chekechea Muheza kabla ya kurudi chuoni kusomea stashahada ya elimu ya awali. Tulipopangiwa somo la mbinu za utafiti, darasa zima liliguna. Tulidhani ni hesabu, majedwali na ripoti ndefu ya kufungia kozi. Mkufunzi wetu akaanza kwingine kabisa. Alitugawia makala iliyochapwa, akatukataza kusoma hitimisho. "Kwenye hitimisho kila mtu ana akili," alisema. "Nendeni kwenye mbinu. Niambieni watoto walikuwa kina nani, walipewa nini, na walilinganishwa na nani."

Makala ya kwanza ilihusu jaribio ambalo huenda umelisikia hata msikitini au kanisani. Kuanzia miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel aliwaketisha watoto wa umri wa takriban miaka minne mbele ya pipi laini, katika chekechea ya Bing iliyo Chuo Kikuu cha Stanford, California. Mtoto angeweza kula moja papo hapo, au kumsubiri mtafiti arudi, apate mbili. Taarifa ya mwaka 1990 ikasema kwamba waliosubiri zaidi utotoni walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya ujanani. Dunia ikachukua funzo moja: mfundishe mtoto kujizuia, atafanikiwa.

Sasa rudi kwenye mbinu. Watoto wale wengi walitoka katika familia za jumuiya ya chuo kikuu. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walitumia takwimu za watoto zaidi ya 900 wa Marekani, wengi wakiwa wa mama ambao hawakumaliza chuo. Uhusiano kati ya kusubiri na matokeo ya baadaye ulikuwa karibu nusu tu ya ule wa awali, na walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto tangu mwanzo, theluthi mbili za uhusiano huo uliobaki zikatoweka. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walikuwa wamewafanyia watoto 28 jambo dogo la ujanja. Mtu mzima aliwaahidi vifaa bora vya kuchorea. Kwa nusu ya watoto alitimiza ahadi, kwa nusu hakutimiza. Ndipo ikaletwa pipi. Waliotimiziwa walisubiri kwa wastani wa dakika 12, waliodanganywa dakika 3. Mtoto aliyekwisha kudanganywa anapoikamata pipi haraka, hesabu zake ziko sawa.

Kisha kuna Waafrika wenzetu. Bettina Lamm na wenzake walichapisha mwaka 2017 matokeo ya jaribio hilo kwa watoto wa Kinso wa Kamerun na watoto wa Kijerumani. Wanso hawakuwekewa pipi ya Kizungu, waliwekewa puff-puff, vile vidonge vya unga wa ngano vya kukaanga, jamaa wa kalimati zetu. Karibu asilimia 70 yao walisubiri hadi mwisho. Wajerumani walikuwa kama asilimia 28. Waliolelewa katika utaratibu wa mkubwa kusema na mdogo kutulia walisubiri bila taabu. Ukiitumia pipi kutabiri nani atakuwa tajiri, unapaswa kwanza kueleza matokeo haya.

Makala iliyonigusa zaidi, hata hivyo, ni ya mwaka 1979. Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, katika kunakili maumbo. Walipopewa karatasi na penseli, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Walipopewa waya, Wazambia waliwashinda. Walipopewa udongo wa kufinyanga, hakukuwa na tofauti. Angekuja mtafiti mwenye penseli peke yake, angeandika kwamba watoto wa Lusaka wana upungufu wa kutambua maumbo, na sisi walimu tungelinukuu hilo mpaka leo. Kumbe ni watoto waliozoea kuunda magari ya waya, na hawakuwa na mazoea hayo ya penseli.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, swali la mkufunzi nilikuwa nalo: walipewa nini? Darasa la awali nililopangiwa lilikuwa na watoto wengi kuliko 25 kwa mwalimu mmoja ambao miongozo yetu inataka, na daftari la maendeleo lilijaa neno moja: hajaweza. Niliomba kufanya uchunguzi mdogo kwa ajili ya ripoti yangu. Hapo nikajifunza upande ambao wasikilizaji wa semina hawauoni. Barua ya utambulisho inatoka chuoni, inapita halmashauri, inafika kwa mwalimu mkuu. Wazazi wanaelezwa na kuridhia. Majina ya watoto hayaandikwi, picha hazipigwi ovyo. Na mtoto mwenyewe ana haki ya kukataa: akigeuza uso na kurudi kwenye mchanga wake, unamwacha, hata kama baba yake alitia sahihi.

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ni kuandika nilichokiona bila kuhukumu. Kalamu ya mwalimu imezoea "mvivu", "mtundu", "mzito". Mkufunzi aliyafyeka yote. Badala ya "mvivu" ilibidi niandike: ameshika penseli kwa ngumi, amechora mstari mmoja, ameangalia mlangoni, ameiweka chini. Ukiandika hivyo, unabaki na jambo la kufuatilia. Neno "mvivu" linafunga mjadala.

Niliweka penseli, udongo na vijiti, nikawaomba watoto waniundie kitu kilekile kwa kila kifaa. Mmoja wa walioandikiwa "hajaweza" aliacha karatasi karibu tupu. Kwenye udongo alifinyanga mbuzi mwenye pembe, chuchu mbili na kamba shingoni, akanieleza kwamba kamba ni ndefu kwa sababu huyo ni mkorofi. Nyumbani kwao ndiye anayehamisha mbuzi.

Naomba tusilikuze jambo hilo. Darasa moja halithibitishi kwamba udongo hufundisha kusoma. Sikuwa na kundi la kulinganisha, na sikuwafuatilia watoto hao hadi darasa la kwanza. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba "hajaweza" ya daftari ilikuwa habari ya penseli, na ilikuwa imeandikwa kana kwamba ni habari ya mtoto. Kwa mwalimu hilo linatosha kubadili mpango wa wiki: mtoto huyo aanzie kwenye udongo, vidole vipate nguvu, umbo alilolifinyanga alihamishie kwenye mchanga, kisha karatasi.

Kufuatilia kwa muda mrefu kuna faida yake, na mfano ni Ypsilanti, Michigan. Kati ya mwaka 1962 na 1967 watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa: 58 wakapata chekechea bora, 65 hawakupata. Walioipata walipanda kwenye vipimo vya akili, lakini baada ya miaka michache ya shule ya msingi tofauti hiyo ilififia. Aliyeishia hapo angesema fedha zimepotea. Watafiti waliendelea hadi watu hao walipofika miaka 40, wakakuta waliosoma chekechea ile wanapata kipato kikubwa zaidi na wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Ila usisahau mbinu: kila mwalimu alikuwa na watoto wasiozidi sita hivi, na alizitembelea familia kila wiki. Anayeunukuu utafiti huo kusifia darasa lililofurika amechukua jina akaacha dawa.

Na si lazima twende Michigan. Chekechea za Madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980, zikafika Zanzibar na Uganda, zilifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Peter Mwaura na wenzake. Watoto waliokwenda chekechea yoyote waliwapita waliobaki nyumbani, na wa Madrasa wakawapita wa chekechea nyingine. Hapo ndipo penye swali la mwalimu: ndani ya darasa lao kulifanyika nini ambacho hakikufanyika kwa jirani?

Mzazi anaponiuliza kwa nini mwanawe wa miaka minne hana kazi ya kuandika ya kufanya nyumbani, simtupii "utafiti umeonyesha". Namwonyesha daftari langu: siku hii alifanya hivi, siku ile alifanya vile, wiki ijayo tutajaribu hiki. Mwanafunzi wa sekondari akifundishwa vibaya hulalamika, hugoma, huhama shule. Wa miaka minne hana namna hiyo. Hulia au hunyamaza, na alama tuliyompa humfuata darasa la kwanza. Kwa hiyo mwalimu wake ndiye mwenye wajibu wa kumdai ushahidi kila anayekuja na fasheni mpya mlangoni, na wa kuuliza kwa niaba yake: hao watoto wenu walikuwa kina nani, na mliwapa nini mkononi?