Kuwinda, Kuvua na Kupanda Mlima Katika Nchi ya Mikese

Mikese ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, kilometa zipatazo 30 kabla ya Morogoro mjini kwa anayetoka pwani. Upande mmoja imesimama Milima ya Uluguru. Upande mwingine nchi inashuka kuwa vilima, miombo na nyika inayoelekea mito ya Ruvu na Wami. Kwa hali hiyo ya nchi, watu wa huku wana mambo matatu ya kufanya porini pamoja na ndugu na rafiki: kuwinda, kuvua na kutembea milimani. Uwindaji ulikuwa kazi ya kijiji kizima, na leo umebanwa na sheria. Uvuvi umebaki mikononi mwa familia. Matembezi ya milimani, ambayo wazee hawakuyahesabu kuwa starehe, ndiyo yanayozidi kupata wapenzi.

Msako wa kijiji

Katika ukanda unaoanzia Uzaramo hadi chini ya Uluguru, uwindaji wa zamani haukuwa wa mtu mmoja na bunduki yake. Ulikuwa msako. Wanaume walitandaza nyavu nene za kamba kwenye kichaka, wakajibanza nyuma yake na mikuki. Wengine, pamoja na vijana na mbwa, walizunguka upande wa pili wakipiga kelele na kugonga magogo ili mnyama akimbilie nyavuni. Msimu wake ulikuwa kiangazi, majani yakishakauka na shamba likishavunwa, kwa kuwa wakati huo watu wana nafasi na mnyama hana pa kujificha.

Aliyesakwa hasa alikuwa nguruwe pori. Kundi moja la nguruwe likiingia usiku katika shamba la mihogo au mahindi, asubuhi mwenye shamba hukuta mashimo matupu. Kwa hiyo msako ulikuwa ulinzi wa chakula, karamu na mchezo kwa wakati mmoja. Mgawo wa nyama nao ulikuwa na kanuni. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, aliyemchoma mnyama kwanza alihesabiwa kuwa mwenye nyama hata kama mwingine ndiye aliyemmaliza. Waliosaidia walipata vipande vinavyojulikana, na wazee wakapelekewa fungu lao. Kijana aliyefuata msako alijifunza shabaha, na pamoja nayo alijifunza nani apewe nini.

Wanyama wadogo walikuwa wa watu wachache. Ndezi alitafutwa kwenye matete kando ya maji. Panya buku, ambaye siku hizi anajulikana duniani kwa sababu shirika la APOPO lililopo Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro humfundisha kunusa mabomu ya ardhini, alifukuliwa shimoni akaliwa. Kanga na kwale walinaswa kwa matanzi. Watoto walikuwa na manati, na ulimbo uliotengenezwa kwa utomvu wa miti.

Sheria ilivyoingia porini

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya wanyamapori katika koloni la Afrika Mashariki. Iliweka leseni ya kuwinda na kuanzisha maeneo yaliyozuiwa, mojawapo likiwa upande wa mto Rufiji. Tangu hapo mwenyeji mwenye wavu na mkuki na mgeni mwenye bunduki na leseni hawakuwa tena na haki sawa mbele ya mnyama yuleyule.

Mikese yenyewe iliguswa na habari hii ya wawindaji wa kigeni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Kati ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, na Waingereza walipoiteka mwaka 1916 waliifanya stesheni ya Mikese kuwa kituo cha kupeleka chakula na risasi kusini, kuelekea Duthumi na Rufiji, mizigo mingi ikiwa vichwani mwa wapagazi. Katika mapambano ya huko kusini, tarehe 4 Januari 1917, aliuawa Frederick Courteney Selous, mwindaji Mwingereza aliyekuwa na sifa kubwa kuliko wote wa enzi zake. Alizikwa Behobeho, na mwaka 1922 pori la akiba lilipewa jina lake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo hakuna mtu anayeruhusiwa kuwinda.

Sheria inayotumika leo ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974. Msingi wake ni kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini. Anayetaka kuwinda lazima awe na kibali, na silaha yake iwe imesajiliwa. Gobole la kurithi lisilo na karatasi halimlindi mtu. Mapori ya akiba na uwindaji husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Njia nyingi zilizokuwa za kawaida kwa babu zimepigwa marufuku: matanzi, mashimo, sumu, na kuwasha moto ili kumtoa mnyama. Tanzi lina ubaya wake wa pekee, kwa kuwa halichagui. Linaweza kutegwa kwa ajili ya nguruwe likamnasa minde, mnyama adimu wa jamii ya paa anayepatikana Tanzania peke yake, katika milima michache ikiwemo Uluguru.

Mkulima aliyeharibiwa shamba naye hatakiwi kumalizana na mnyama mwenyewe. Anapaswa kutoa taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri. Kanuni zinatoa kifuta jasho kwa mazao au mifugo iliyopotea, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Malipo hayo hayalingani na hasara yenyewe, lakini taarifa ndiyo inayowezesha askari kuja kuwafukuza wanyama.

Zipo njia halali za kunufaika na wanyama hao. Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 ilifungua mlango wa vijiji kutenga ardhi ya jumuiya za hifadhi na kupata sehemu ya mapato. Wami-Mbiki, kaskazini mwa Mikese, ilianza kwa mtindo huo kabla ya kupandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Na tangu mwaka 2020 kanuni zinaruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, kwa hiyo familia inayotamani nyama ya porini inaweza kuinunua ikiwa imekaguliwa. Ukaguzi una maana. Mzoga uliookotwa porini unaweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaoua mnyama na mtu.

Uvuvi wa mshipi na mgono

Uvuvi ndio uliobaki wazi zaidi kwa watu wa kawaida. Mto Ngerengere hutoka Uluguru, huingia Bwawa la Mindu, hupita Morogoro na Kingolwira, kisha huelekea mashariki kuungana na Ruvu. Vijito vingine vinashuka moja kwa moja kutoka mlimani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mito hujaa na maji huwa ya tope. Kiangazi hurudi nyuma na kuacha madimbwi, na hapo ndipo watoto na akina mama huingia na matenga, wakavuruga tope na kuwazoa samaki wanaoibuka.

Samaki wa familia ni wawili, perege na kambale, na kila mmoja ana wakati wake. Perege huonekana mchana karibu na ukingo na hula hata donge la ugali lililokandwa vizuri kwenye ndoano ndogo. Jike lake hubeba mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo mvuvi mwenye akili humrudisha majini anapomwona na mdomo uliojaa. Kambale ni wa jioni na usiku. Macho yake hayana kazi kubwa. Hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu zake nane. Ndoano yake hufungwa risasi au kijiwe ili ilale chini kabisa, ikiwa na nyungunyungu au kipande cha utumbo wa kuku. Akigusa, mshipi hutetemeka kidogo, ukatulia, halafu ukaanza kwenda pole pole upande mmoja. Mwenye pupa huvuta kwenye ule mtetemo wa kwanza akapata ndoano tupu. Mzoefu husubiri mwendo. Na akishamtoa hamshiki hovyo, kwa maana mapezi ya kifuani yana mwiba mgumu unaochoma. Kambale pia ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya mashavu, ndiyo maana hukaa hai ndani ya kikapu kwa saa nyingi na huweza kujiburuta kwenye majani mabichi kutoka dimbwi moja hadi lingine.

Mara chache ndoano humtoa mkunga. Huyu huzaliwa baharini, hupanda mto akiwa mdogo, hukaa huko miaka mingi, kisha hurudi Bahari ya Hindi kutaga.

Mgono hutumiwa na wasiopenda kukesha. Ni kikapu kirefu cha fito chenye mdomo uliogeuziwa ndani: samaki huingia kwa urahisi na kutoka hawezi. Hutegwa jioni kwenye mkondo mwembamba na kutazamwa alfajiri. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza sumu, ikiwemo utupa unaopondwa na kumwagwa mtoni, pamoja na baruti na nyavu za matundu madogo. Chandarua cha mbu hakiruhusiwi kuwa wavu. Anayevua kwa biashara anahitaji leseni, na kabla ya kutega Mindu au bwawa lolote ni vyema kumwuliza ofisa uvuvi, kwa kuwa Mindu ni chanzo cha maji ya mji.

Wenye kupenda samaki bila kungoja mto huchimba bwawa. Kituo cha serikali cha Kingolwira huzalisha vifaranga vya perege na kambale, na bwawa la nyuma ya nyumba huwa pia uwanja wa watoto kujifunza kutupa mshipi. Jikoni, kambale husuguliwa kwa majivu ili utelezi utoke, hukatwa vipande na kubanikwa kwa moshi kabla ya kuungwa kwa nazi. Perege hahitaji mengi zaidi ya chumvi, ndimu na makaa.

Mlimani na nyikani

Msitu wa juu wa Uluguru ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008 na uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kibali cha kuingia na mwongozaji hupatikana Morogoro. Kwa familia yenye watoto, safari inayofaa ni ya Morningside, nyumba ya mlimani iliyojengwa enzi ya Wajerumani. Njia yake hupita katikati ya mashamba na vijito, na mwisho wake mji wote huonekana chini. Kilele cha Lupanga, chenye meta 2,138, ni cha wenye magoti imara: mji uko kwenye meta 500 hivi, kwa hiyo anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo hupanda na kushuka zaidi ya meta 1,600, kwenye mizizi na matope. Wanaopenda ndege hupata huko viumbe wasiopatikana kwingine duniani, kama ndege mmoja mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, na chozi wa Loveridge.

Chini ya mlima, katika msitu mdogo wa Kimboza kwenye njia ya Matombo, yumo mjusi ambaye dume lake ni la buluu iliyokoza. Huishi kwenye majani ya mikadi, na wafanyabiashara walimkamata kwa wingi kuwauzia wafugaji wa Ulaya hadi biashara yake ilipopigwa marufuku kimataifa. Anayetaka kuwaona wanyama wakubwa ana Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati yake. Kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo ya kile anacholipa mgeni. Jamaa wanaotoka Dar es Salaam wana wepesi mwingine tangu mwaka 2024, kwani treni ya mwendokasi inawafikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili.

Tahadhari za safari

Kundi linalokwenda mtoni au porini hugawana kazi mapema: nani anabeba maji, nani anawaangalia watoto, nani ana simu yenye chaji. Ruvu na Wami zina mamba na viboko, kwa hiyo hakuna kuoga wala kuchota maji kwenye kina kisichoonekana chini. Maji yaliyotuama huwa na konokono wa kichocho. Atakayeingia dimbwini na baadaye akaona damu kwenye mkojo aende zahanati. Msituni huvaliwa viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu kwa ajili ya nyoka na upupu. Mlimani safari huanza alfajiri, kwa sababu mawingu na mvua hupanda mchana, hasa upande wa mashariki unaoelekea bahari, ambako hakuna mwezi usio na mvua.

Moto wa kubanikia samaki huwashwa kwenye mchanga au mwamba na kuzimwa kwa maji, si kwa kukanyagwa. Kiangazi cheche moja hupanda mlima mzima, na mlima huo ndio unaoilisha Ruvu, mto ambao Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa. Chupa na mifuko hurudi nyumbani pamoja na walioibeba.