Soda ya Kidogo Kidogo
Je, soda yako unaimaliza mapumziko, au unainywa kidogo kidogo hadi kengele ya mwisho? Kwa meno, huyo wa pili ndiye anaumia zaidi. Bakteria wa mdomoni wakipata sukari hutengeneza asidi inayoyeyusha madini ya jino kwa dakika 20 au zaidi. Baadaye mate hulikarabati. Sasa ukimumunya pipi au ubuyu wa sukari kila mara, mate yatafanya kazi saa ngapi? Na jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena, jamani! Njaa ya saa nne ikibana, tafuna karanga au pera. Pera lina vitamini C nyingi, na fizi zinaihitaji. Ila fizi zikitoka damu, usiache mswaki: mara nyingi ni utando wa uchafu uliobaki kwenye meno. Zikiendelea, muone daktari wa meno.