Likizo ya Meli: Je, Afya Yako Inaruhusu?



Leo najibu swali ambalo naulizwa mara nyingi: watoto wanataka kumzawadia mama likizo ya meli ya wiki moja kutoka Southampton. Mama ana miaka 68, ana presha na kisukari. Je, aende?

Wengi wetu tukisikia neno meli tunakumbuka MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza mwezi Mei 1996, au Spice Islander iliyozama ikielekea Pemba Septemba 2011. Hofu hiyo naielewa. Lakini mimi kama muuguzi, kuzama sio kunakonipa wasiwasi. Wasiwasi wangu ni mambo mawili: umbali wa hospitali, na tabia yetu ya kuficha maradhi.

Ndani ya meli kuna matibabu gani?

Meli kubwa huwa na daktari, wauguzi na zahanati ndogo. Wanaweza kukupa oksijeni, kukuwekea dripu na kupima moyo wako. Lakini sio hospitali. Ukipata kiharusi, au ukihitaji upasuaji mkubwa, itabidi ushushwe bandari inayofuata au uchukuliwe na helikopta, kama hali ya hewa inaruhusu. Pia kumbuka, hiyo sio NHS. Kila huduma inalipiwa, na bili inaingia kwenye akaunti ya chumba chako.

Kadi ya GHIC, ambayo wakazi wa Uingereza wanaipata bure, inasaidia kwenye hospitali za serikali za nchi za Umoja wa Ulaya meli inapotia nanga. Ndani ya meli haifanyi kazi, na hailipi gharama za kukurudisha nyumbani.

Bima: hapa ndipo tunapokosea

Lazima ununue bima ya safari inayotaja safari za meli waziwazi. Ukiulizwa maradhi, taja yote: presha, kisukari, pumu, figo, sikoseli, VVU, saratani, hata kama unasubiri tu majibu ya vipimo. Ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipa kabisa, hata kama ugonjwa uliokulaza ni mwingine.

Tatizo ni hili. Mara nyingi watoto ndio wanaojaza fomu, na mama hajawaambia kila kitu. Kuna dawa anazimeza chumbani kimya kimya. Kwa hiyo nawasihi, watoto lipeni pesa, lakini mama mwenyewe aongee na kampuni ya bima kwa faragha. Kama Kiingereza kinamsumbua, atafute mtu anayemwamini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Na kama mama amekuja kutembea tu kutoka Tanga au Mombasa, bima nyingi zinazouzwa hapa ni za wakazi wa Uingereza pekee. Ulizeni mapema, kabla ya kulipia tiketi. Angalieni pia viza ya kila nchi ambayo meli itapita.

Magonjwa ya kuambukizana

Watu maelfu wakila na kulala pamoja, ugonjwa husambaa haraka. Mnakumbuka Diamond Princess huko Japani, Februari 2020: kati ya watu 3,700 hivi, zaidi ya 700 waliambukizwa korona. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni norovirusi, yaani kutapika na kuharisha. Kijana hupona kwa siku mbili tatu. Lakini mzee, au mwenye kisukari, figo au sikoseli, anaweza kuishiwa maji mwilini na kuzidiwa.

Ile dawa ya kupaka mikononi inayowekwa mlangoni mwa ukumbi wa chakula haitoshi kuua norovirusi. Nawa kwa maji na sabuni, kila mara kabla ya kula na baada ya kwenda chooni. Ukiugua, mwite muuguzi na ubaki chumbani mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe.

Nani asiende kwa sasa?

- Aliyelazwa hospitali karibuni, au anayebadilishiwa dawa kwa sababu presha au sukari haijatulia.
- Anayesafishwa damu kwa mashine, isipokuwa safari imepangwa maalumu kwa ajili yake.
- Mjamzito atakayefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha. Kampuni nyingi humkatalia.
- Yeyote ambaye hakupata bima inayokubali ugonjwa wake.

Ukiamua kwenda

1. Muone GP au muuguzi wako wiki sita kabla. Pima presha na sukari, uliza kuhusu chanjo.
2. Beba dawa za safari nzima na za siku kadhaa za ziada, kwenye mkoba wa mkononi. Mabegi makubwa huchukuliwa bandarini na huweza kuchelewa kufika chumbani.
3. Chukua nakala ya orodha ya dawa zako.
4. Muulize mfamasia dawa ya kichefuchefu inayokubaliana na dawa zako. Chumba cha katikati, ghorofa za chini, huyumba kidogo zaidi.
5. Chakula kipo siku nzima, lakini sahani moja inatosha. Mwenye kisukari asitembee peku kwenye sitaha.
6. Ukitapika, usiache insulini kienyeji. Muone muuguzi wa meli.

Basi jibu langu kwa yule mama ni hili: kama presha na sukari zimetulia, na bima imekubali maradhi yake yote, aende akapumzike, ameshafanya kazi ya kutosha. Kama kimoja hakijatimia, tiketi isubiri. Bahari haihami.

Ushauri huu ni wa jumla, hauchukui nafasi ya daktari wako. Nawatakia safari njema na afya njema.