Winga wa mtandaoni na daftari lisilo lake

Anayeingia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akiulizia viatu vya mtoto hukutana na winga kabla hajaliona duka. Ni kijana asiye na fremu wala mzigo, lakini anajua nani ana saizi 32 na nani kafungua kontena jana. Atampeleka mteja mpaka kaunta, atasogea pembeni wakati bei inapangwa, na mteja akishaondoka na mfuko wake yeye atabaki kuchukua chake. Biashara hiyo haina mkataba wala risiti, na bado inakwenda mwaka hadi mwaka, kwa sababu moja kubwa: muuzaji amemwona winga kwa macho yake akiingia na mteja. Hakuna ubishi juu ya nani kamleta nani. Ubishi huo ndio uliozaliwa biashara ya winga ilipohamia mtandaoni, na kwa maoni yangu ndio unaoeleza karibu kila kasoro ya biashara ya linki za kamisheni, kuliko hata udogo wa kamisheni yenyewe ambao watengeneza maudhui huulalamikia zaidi.

Linki ya kamisheni, ile inayowekwa chini ya video ya YouTube au katikati ya makala ya mapishi, ni winga aliyefungwa ndani ya anwani. Ikague ya duka la Amazon la Marekani: mwishoni utakuta neno tag, alama ya sawasawa, jina alilojichagulia mwenye linki, kisha kistari na 20. Ya Uingereza humalizia kwa 21. Mkia huo ndio unaoliambia duka kwamba mteja huyu kaletwa na fulani. Mteja akibofya, duka huacha kwenye kivinjari chake faili dogo la kumbukumbu, kidakuzi, na saa inaanza kuhesabu. Amazon hutoa saa 24. Ndani ya muda huo, hata kama mteja aliingia kwa linki ya sufuria akatoka na godoro, kamisheni ni ya aliyemleta. Akiitia bidhaa kikapuni ndani ya saa hizo bila kulipa, madai ya aliyemleta hudumu hadi siku 90. Lakini akifunga simu akalala, akarudi keshokutwa kwa kuandika mwenyewe jina la duka, basi yule aliyemshawishi kwa dakika ishirini za maelezo hana chake.

Amazon ilianzisha mpango wake wa washirika Julai 1996, enzi ingali duka la vitabu, na wenye maduka wengine waliuiga upesi. Si ajabu. Tangazo la gazetini au la redioni hulipiwa kwanza, liuze lisiuze. Hapa duka halitoi kitu mpaka mzigo umeuzwa, umefika, na muda wa kurudisha umepita. Hasara ya tangazo lisilouza imehamia kwa mtengeneza maudhui, aliyetumia siku tatu kupiga picha na kuandika. Malipo nayo si ya kutajirisha. Katika jedwali la viwango la duka la Marekani, vitabu vya karatasi na vifaa vya jikoni hulipa asilimia 4.5, televisheni 2, mashine za michezo ya video 1, na vipodozi vya kifahari 10. Blenda ya dola 60 humwachia mwenye linki dola 2.70. Ili apate dola 270 anahitaji watu mia moja walionunua, si walioangalia. Na jedwali ni la duka. Aprili 2020, watu wakiwa wamejifungia ndani kwa sababu ya korona na kununua kila kitu mtandaoni, Amazon ilitoa taarifa ya wiki moja tu, kisha ikashusha kiwango cha samani na vifaa vya ujenzi wa nyumba kutoka asilimia 8 hadi 3, na vyakula kutoka 5 hadi 1. Aliyekuwa amejenga tovuti nzima ya ukarabati wa nyumba alipoteza zaidi ya nusu ya mapato yake bila mteja hata mmoja kupungua.

Hata hivyo kiwango kidogo kinaweza kupigiwa hesabu, na anayeona hakimfai anaweza kuacha. Kisichopigika hesabu ni daftari. Anayeandika kwamba mteja fulani kaletwa na fulani ni duka, au mtandao wa kati uliokodiwa na duka, na kanuni iliyozoeleka ni kwamba aliyebofywa mwisho ndiye aliyeleta. Kanuni hiyo ina mantiki yake. Mteja wa kamera huenda amesoma makala tano na kutazama video tatu. Kuwagawia wote nane dola nne kungezaa magomvi yasiyokwisha na hesabu za gharama kubwa kuliko kamisheni yenyewe. Wanaoitetea husema ni rahisi, inajulikana, na inamhusu kila mtu sawa. Sehemu mbili za kwanza ni kweli. Ya tatu si kweli, maana mguso wa mwisho haufanywi na mshawishi. Hufanywa na anayesimama karibu na keshia.

Mfano uliozungumzwa sana ni wa Honey, kiendelezi cha kivinjari kinachomtafutia mnunuzi kuponi za punguzo wakati wa kulipa. Kilianzishwa 2012, na PayPal ilikinunua kwa takriban dola bilioni 4 katika dili lililotangazwa Novemba 2019. Wengi wa waliokitangaza walikuwa watengeneza maudhui wa YouTube wenyewe. Desemba 2024 mtengeneza maudhui mmoja wa YouTube alitoa uchunguzi wa video ulioonyesha kilichokuwa kikitokea kwenye ukurasa wa malipo: mnunuzi aliyekuja kwa linki ya mtu mwingine akibonyeza kidirisha cha Honey, hata pale kilipomwambia tu kwamba hakuna kuponi, kidakuzi cha aliyemleta kilikuwa kikibadilishwa na kuwekwa cha Honey. Kesi zilifunguliwa mahakamani Marekani kabla mwaka haujaisha. PayPal ilijibu kwamba inafuata kanuni za sekta, ukiwemo utaratibu wa mbofyo wa mwisho. Jibu hilo linastahili kusomwa mara mbili, kwa sababu ndani yake mna ukweli mchungu: ikiwa kanuni inamlipa wa mwisho, basi kuwa wa mwisho ni kazi inayolipa, na mtu hahitaji kumshawishi mteja yeyote ili aifanye. Machi 2025 Google ilibadili masharti ya duka lake la viendelezi vya Chrome, ikazuia kupachika linki za kamisheni pasipo mtumiaji kupata faida yoyote. Ni hatua ya maana, ingawa imetoka kwa mwenye kivinjari, wala si kwa maduka yanayoshika daftari.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Miaka mingi kabla ya Honey, Shawn Hogan wa Marekani alikuwa miongoni mwa washirika wakubwa kabisa wa eBay, na kwa miaka kadhaa alilipwa takriban dola milioni 28. Ilibainika kwamba vidakuzi vya eBay vilikuwa vikipandwa kimyakimya kwenye kompyuta za watu waliotembelea kurasa ambazo hazikuwahusu kabisa, bila wao kubofya chochote. Kila aliyeenda kununua eBay baadaye kwa hiari yake alihesabiwa kuwa kaletwa. Alikiri kosa, na 2014 akahukumiwa miezi mitano jela. Ni sawa na winga anayekaa nje ya kituo cha mwendokasi cha Gerezani akiwabandika abiria vibandiko mgongoni, halafu anazunguka Kariakoo kudai kila aliyebandikwa. Kwa macho ya muuzaji wa kaunta ulaghai huo usingefika jioni. Kwa daftari la kidakuzi ulidumu miaka.

Mnunuzi atauliza yote hayo yanamhusu nini, ikiwa bei anayolipa ni ileile abofye linki au asibofye. Hapo winga wa Kariakoo na linki wanatofautiana kweli: winga huweka cha juu, na mteja mjanja anayekwenda dukani peke yake anaweza kukikwepa. Kamisheni ya mtandaoni hutoka kwenye faida ya duka, hivyo imeshatawanywa kwenye bei za wote, pamoja na wasiobofya. Lakini sidhani kwamba gharama ya mnunuzi iko kwenye bei. Iko kwenye kile asichoambiwa. Bidhaa isiyo na mpango wa kamisheni haina linki, na isiyo na linki haina sababu ya kutajwa. Hakuna anayelipwa kwa kukuambia kwamba blenda yako inahitaji brashi mpya za mota tu, au kwamba jiko la fundi wa mtaani litakuhudumia vizuri kuliko la dukani. Kati ya vitu viwili vinavyolingana, cha bei kubwa humlipa mwandishi zaidi. Hayo hayahitaji mwandishi mwongo. Yanahitaji tu mwandishi mwenye kodi ya nyumba.

Wapo watakaonitajia Wirecutter, na wana haki. Tovuti hiyo ya kuchambua bidhaa ilianzishwa 2011 na Brian Lam, ikajijengea jina kwa kupima vitu kwa wiki nyingi na kupendekeza kimoja, na ikaishi kwa linki za kamisheni. New York Times iliinunua 2016 kwa takriban dola milioni 30. Hoja yao ni kwamba mnunuzi aliyedanganywa hurudisha bidhaa, na bidhaa ikirudi kamisheni inafutwa, kwa hiyo ukweli unalipa. Naikubali, kwa sharti moja: inafanya kazi kwa mwenye jina la kulinda na mhariri anayesimama kati ya mwandishi na mapato. Hata huko mapato hayakuachiwa linki peke yake: mwaka 2021 New York Times iliiwekea Wirecutter malipo ya usajili. Kwa kijana mwenye simu moja na wafuasi elfu nne, mhariri ni yeye, mhasibu ni yeye, na tumbo ni lake. Ndiyo maana Tume ya Biashara ya Marekani inataka uhusiano wa malipo utajwe waziwazi, si kufichwa chini ya ukurasa. Sentensi moja ya namna hiyo humpa msomaji nafasi ya kupima ushauri.

Kwetu Afrika Mashariki linki inakwamia mahali pengine. Jumia, duka la mtandaoni lenye mpango wa washirika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019 na kubaki Kenya na Uganda. Huko nako mteja amezoea kulipa mzigo ukifika mlangoni. Akiukataa, kamisheni imekufa. Lakini kikwazo kikubwa ni kwamba sehemu kubwa ya biashara yetu ya mtandaoni haina ukurasa wa malipo. Mtu anaona gauni Instagram, anahamia WhatsApp kuuliza “bado lipo?”, analipa kwa M-Pesa, na boda analeta. Kidakuzi hakina pa kukaa katika safari hiyo. Matokeo yake ni kwamba anayechambua simu kwa Kiswahili kutoka Eldoret au Mbeya, akitegemea linki za Amazon, halipwi na watazamaji wake wa karibu. Analipwa na mgeni wa mbali anayenunua Amazon. Vivutio vya biashara vinamsukuma aache lugha yake, na sidhani kwamba tumelitafakari hilo vya kutosha.

Badala ya linki tumepata promokodi: neno fupi ambalo mteja analitaja kwa muuzaji ili apate punguzo, na muuzaji anajua nani kamtuma. Ni kumbukumbu inayobebwa kwa mdomo, ya kiwinga kweli, na hakuna kiendelezi kinachoweza kuifuta. Ina ubaya wake pia. Waliokuwa wepesi kuitumia ni kampuni za kamari, na katika sekta hiyo duniani washirika wengi hulipwa sehemu ya kile ambacho kampuni imevuna kwa waliosajiliwa kupitia kwao, yaani sehemu ya hasara zao. Anayekutumia promokodi ya namna hiyo hapati kitu ukishinda. Mei 2025 bodi ya kamari ya Kenya ilitoa miongozo inayokataza watu mashuhuri na watengeneza maudhui kutangaza michezo hiyo, na kwa aina hii moja ya kamisheni naona zuio lina haki kuliko tamko la uwazi.

Serikali nazo zimeshaiona biashara hii. Tanzania, kwa Sheria ya Fedha ya 2024, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui wakazi, kama Kenya ilivyofanya mwaka mmoja kabla baada ya pendekezo la asilimia 15 kupingwa. Sheria ya Kenya inaitaja biashara ya kamisheni kwa jina, na inaieleza kuwa ni pale mtengeneza maudhui anapopata kamisheni kila hadhira yake inapobofya bidhaa. Mfanyabiashara yeyote wa linki atacheka, kwani maduka hulipa mtu akinunua, si akibofya. Lakini aliyeandika kifungu hicho, kwa kujua au kwa kukosea, amegusa mahali penyewe. Mibofyo ndiyo hesabu pekee ambayo mtengeneza maudhui anaweza kuihesabu mwenyewe kwenye kompyuta yake. Manunuzi huambiwa.