Chupa ya Usiku

Miongoni mwa mambo yanayowatia wazazi mashaka katika mwaka wa pili wa mtoto ni hili la kumlikiza chupa. Kwani mtoto aliyekwisha kuota meno, anayezunguka nyumba nzima kwa miguu yake na kula wali pamoja na wakubwa, aghalabu huonekana bado ameng'ang'ania chupa yake ya maziwa, na akinyang'anywa hupiga ukelele kana kwamba amedhulumiwa. Wazazi hudhani kuwa analilia maziwa. Dhana hiyo ndiyo inayoharibu kazi nzima, maana mtoto huyo huyo asubuhi alikunywa uji wake kwa kikombe bila ya shauri. Anacholilia ni kule kunyonya, pamoja na usingizi aliozoea kuupata kwa njia hiyo.

Kikombe chenyewe si elimu ngumu. Shirika la Afya Duniani hunasihi kwamba mtoto mchanga asiyeweza kunyonya ziwa la mama alishwe kwa kikombe kidogo kilicho wazi, kwa sababu kikombe husafishika kwa wepesi, ilhali chuchu ya mpira na shingo ya chupa huficha utando wa maziwa ambamo vijidudu huzaana. Ikiwa mtoto mchanga huweza kunywa kwa kikombe, seuze wa miezi 6, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuonjeshwa chakula? Umri huo apewe mafunda machache ya maji kwa kikombe kilichoshikwa na mkubwa; akikaribia mwaka atakishika mwenyewe kwa mikono miwili, akimwaga nusu na kunywa nusu. Huko Uingereza wazazi hushauriwa waiache chupa kuanzia mwaka mmoja, na madaktari wa watoto wa Marekani hutaja muda wa baina ya miezi 12 na 18. Haya yote hayalihusu ziwa la mama, ambalo mtoto anaweza kuendelea nalo hadi miaka 2 na kupita. Na yule anayenyonya kwa mama hana haja ya kupitia kwenye chupa hata kidogo, bali atoke kifuani aende kikombeni.

Madhara makubwa ya chupa hutokea kitandani. Maziwa, hata yasipotiwa kitu, yana sukari yake ya asili, na mtu alalapo mate yake hupungua. Basi maziwa yaliyosalia kinywani huwa chakula cha vijidudu, navyo huigeuza sukari ile kuwa asidi inayoyatafuna meno ya mbele ya juu, ilhali ya chini husitiriwa na ulimi. Hali huwa mbaya zaidi kwa wale wanaoipasua chuchu kwa wembe ili uji wa sukari upate kupita, ada ambayo ningependa kuiona ikitoweka kabla ya nyingine zote. Tena yuko mtoto ashindaye na chupa mkononi mchana kutwa, akashiba maziwa asitamani mboga wala samaki; naye, kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, na huyazuia hata yale ya chakula kingine yasiingie mwilini sawasawa, hupungukiwa damu akiwa mnene wa kutazama. Kwa aliyetimiza mwaka, kiasi cha nusu lita kwa siku kinamtosha. Na ya muuza maziwa yachemshwe kwanza.

Tadbiri ya kumwachisha ni kuanza na chupa ya mchana, ambayo mtoto huisahau upesi akiwa mchezoni, kisha ya asubuhi, na kuiacha ya usiku iwe ya mwisho, kila moja ikipewa siku kadhaa kabla ya kuondolewa nyingine. Wengine hutia maziwa katika kikombe tu, na katika chupa maji matupu, mpaka mtoto mwenyewe aidharau. Usiku anywe maziwa ya kikombe akiwa ameketi, apigwe mswaki, kisha abembelezwe kwa hadithi au kwa kupapaswa mgongo, kwa kuwa faraja iliyoondolewa haina budi kupatiwa badali. Wako wanaopaka chuchu shubiri, kama wafanyavyo baadhi ya kina mama kwa ziwa. Mimi naona ni ukatili usio na haja. Wakati wa homa, au mdogo wake akiwa ndiyo kwanza amezaliwa, jambo liahirishwe. Na bibi na yaya waafikiane na mama, maana chupa moja inayotolewa kwa huruma jioni hubatilisha subira ya wiki nzima.

Vikombe vyenye kifuniko kisichovuja vinapendwa kwa kuwa haviharibu zulia, lakini vingi humtaka mtoto anyonye vile vile. Afadhali kikombe kidogo kilicho wazi, kilichotiwa maziwa ya vidole viwili, na mtoto akalishwe mkekani. Baadhi ya watoto huyasusa maziwa ya kikombe kabisa kwa muda. Maadamu wanakula, hilo lisiwatishe wazazi: maziwa yatiwe katika uji, au wapewe mtindi, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao wana chokaa nyingi. Ila mtoto akisusa na chakula pia, au uzito wake ukisimama, apelekwe kliniki pamoja na kadi yake.